UMECHAGULIWA CHUO KIKUU, JE, UMESAJILIWA?



 

Ndugu wasomaji, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa Julai, hapa madrasa tunaanza kupokea wazazi wenye habari njema. Mtoto amefaulu, mtoto ameomba chuo, mtoto amechaguliwa. Tunafurahi nao, dua inasomwa, na mama mmoja wa huku Tabata aliwahi kutuletea sinia zima la vitumbua. Ikifika Desemba au Januari baadhi ya wazazi wale wale hurudi na nyuso nyingine. Fedha ya mkopo haijaingia. Jina halionekani kwenye orodha ya mtihani. Mtoto anasema "mtandao unasumbua" na mzazi hajui kama aamini. Tukikaa na kijana husika tukamuuliza moja baada ya jingine, mara nyingi tunakuta hakufeli wala hakufanya utoro. Alichaguliwa, akaenda, akasoma, lakini usajili wake ulikuwa nusu.

Kwa hiyo mwaka huu tumeona tutumie kurasa hizi kueleza jambo ambalo wengi hudhani ni dogo: mwanafunzi mpya wa chuo kikuu anavyosajiliwa, na hasa anavyosajili masomo yake.

Kwanza tuelewe kwa nini jambo hili huwapiga chenga vijana hodari. Tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita, kuna mtu mwingine anayekuandikia. Mwalimu wa darasa anakuita jina asubuhi. Ukichaguliwa kusoma HGL au PCM, masomo yako matatu yanajulikana, na ratiba inabandikwa ukutani. Hata mtihani wa taifa, ni mkuu wa shule anayewasajili watahiniwa Baraza la Mitihani. Wewe unapewa namba tu. Huku madrasa ni hivyo hivyo: daftari analo ustadhi, na ukikosa siku tatu tunatuma mtu nyumbani kwenu. Chuo kikuu hakuna anayetuma mtu nyumbani kwenu. Mhadhiri anaweza kuwa na wanafunzi mia tano ukumbini, hajui nani amesajiliwa na nani amejikalia tu, wala si kazi yake kujua. Anayejua ni kompyuta, na kompyuta inajua kile tu ulichoiambia.

Zamani mambo yalikuwa mepesi kwa sababu watu walikuwa wachache. Chuo cha kwanza nchini, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Wanafunzi hawakufika ishirini. Hapo nani atapotea? Kilihamia Mlimani mwaka 1964, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970, na leo wanafunzi wake ni maelfu kwa maelfu. Kaka zetu waliosoma kabla ya enzi za kompyuta wanakumbuka kuzunguka na fomu za karatasi kutoka idara hadi idara wakitafuta sahihi. Ilichosha, lakini ilikuwa na faida moja: mwenye kutia sahihi alikutazama usoni, na fomu ikiwa na kosa alikurudishia pale pale.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe. Yako matatu na vijana huyachanganya: kudahiliwa, kusajiliwa chuoni, na kusajili masomo.

Kudahiliwa ndiko watu wanakokuita "kuchaguliwa". Tangu mwaka 2010 maombi yalikuwa yakipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Kuanzia mwaka 2017 utaratibu ule uliachwa, na mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, au vyuo kadhaa, kisha TCU inahakiki majina. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuchaguliwa na vyuo viwili au vitatu. Huyu anatakiwa athibitishe chuo kimoja, kwa kutumia namba maalumu ya siri anayotumiwa kwenye simu au barua pepe aliyoijaza wakati wa kuomba. Asipothibitisha ndani ya muda, nafasi iko hatarini.

Hapa tuseme wazi tunaloliona mitaani kwetu. Vijana wengi hujaziwa maombi kwenye steshenari. Si vibaya, wenye steshenari wanafanya kazi ya halali na wengi ni waaminifu. Lakini kijana anafika hana barua pepe, anatumia ya mwenye duka. Hana simu yake, anatumia ya mjomba aliyeko Mbagala. Neno la siri linaandikwa kwenye karatasi inayobaki dukani. Miezi miwili baadaye ile namba ya kuthibitisha inatumwa kwenye simu ya mjomba, na mjomba anaifuta akidhani ni matapeli! Tafadhali, kabla ya kuomba chochote, fungua barua pepe yako mwenyewe, tumia namba ya simu ambayo hutaibadilisha mwaka mzima, na maneno yako ya siri yaandike kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Jambo la pili la kuangaliwa mapema ni jina. Hili linatugusa sisi Waislamu kuliko tunavyodhani, kwa sababu majina yetu yanaandikwa kwa namna nyingi. Mtoto cheti chake cha kuzaliwa kinasema Muhammad, shule ya msingi wakaandika Mohamedi, cheti cha kidato cha nne kikatoka Mohamed. Dada yake ni Khadija kwenye kitambulisho na Hadija kwenye cheti. Kwetu wote ni mtu mmoja, lakini kwa kompyuta ni watu wawili. Chuo hukusajili kwa majina yaliyo kwenye vyeti vyako vya mitihani, na hakikubali ubadilishe kwa sababu tu babu alikuita vingine. Bodi ya Mikopo nayo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au ZCSRA kwa waliozaliwa Zanzibar. Majina yakipishana, itabidi mwende kwa wakili au mahakamani kutafuta kiapo au hati ya majina, na hayo hayamaliziki kwa siku moja. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha pili, chukua vyeti vyake leo uvilinganishe herufi kwa herufi, maana kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne bado marekebisho ni rahisi. Na namba ile ya mtihani wa kidato cha nne itunzwe vizuri, ndiyo inayomtambulisha kijana TCU na Bodi ya Mikopo hata akiwa na vyeti vingine kumi. Kwa waliopitia stashahada, watahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET.

Kusajiliwa chuoni ni hatua ya pili, na tutaipita haraka kwa sababu barua ya udahili na maelekezo ya kujiunga hueleza kila kitu, ilimradi uyasome. Unakwenda na vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, picha, na fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari. Vyuo vya serikali hukupa namba ya kumbukumbu ya malipo, wengi tunaiita kontro namba, ukalipia benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha taslimu mkononi, hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni. Kuna ada, kuna mchango wa TCU wa kuhakiki ubora, ambao kwa miaka kadhaa umekuwa shilingi 20,000, na kuna bima ya afya, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 50,400 kwa asiye na bima ya mzazi. Vyuo vingi hutoa kama wiki mbili za mwanzo kukamilisha haya. Ukimaliza unapata namba ya usajili na kitambulisho. Watu hupiga picha na kitambulisho, wanaituma kwa ndugu wote, na wanadhani kazi imekwisha.

Haijaisha. Imebaki ile ya tatu.

Kusajili masomo maana yake ni kukiambia chuo, muhula huu nitasoma masomo haya na nitafanyiwa mtihani katika masomo haya. Kila chuo kina mfumo wake wa kompyuta. Mlimani wanatumia unaoitwa ARIS, vyuo vingine SARIS au jina jingine, lakini kanuni inafanana. Unaingia kwa namba yako ya usajili na neno la siri, unakuta orodha ya masomo ya programu yako. Kila somo lina herufi za idara na tarakimu. Herufi DS pale Mlimani ni za masomo ya maendeleo, CL za stadi za mawasiliano, na kwa kawaida tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka wa masomo. Ukiona somo linaanza na 3 nawe ni wa mwaka wa kwanza, jiulize mara mbili.

Masomo mengine ni ya lazima, huna hiari nayo. Mengine ni ya kuchagua, unapewa orodha ya matano, mathalani, uchukue mawili. Mengine yana masomo tangulizi, huwezi kulichukua la mwaka wa pili kama hukufaulu la mwaka wa kwanza. Kisha kila somo lina uzito wake, unaoitwa krediti. Kwa mwongozo wa TCU, krediti moja ni sawa na saa kumi za kazi ya mwanafunzi, yaani mihadhara, semina, mazoezi na kusoma peke yake. Somo la krediti 12 basi ni saa 120. Shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka au kama 60 kwa muhula. Ukisajili pungufu utakuja kudaiwa mwaka wa mwisho, wenzako wakiwa wanashona majoho.

Uzito huu unaingia moja kwa moja kwenye alama zako. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi huzidishwa na krediti za somo, zikajumlishwa, kisha zikagawanywa kwa jumla ya krediti. Chukulia mwanafunzi mwenye masomo mawili tu. Amepata B+ kwenye somo la krediti 12 na A kwenye somo la krediti 8. Hesabu yake: 48 na 40 ni 88, gawanya kwa 20, wastani ni 4.4, ndio mpaka wa chini kabisa wa daraja la kwanza. Mwenzake kapata A kwenye lile la 12 na B+ kwenye la 8. Ni 60 na 32, jumla 92, wastani 4.6. Kwa hiyo unapochagua somo la hiari usiangalie tu jina zuri au kuambiwa kwamba mhadhiri wake ni mpole. Angalia na uzito wake.

Tuje sasa kwenye kosa lenyewe linalowaponza wengi. Kijana mmoja aliyehitimu hapa kwetu, hafidh wa juzuu kadhaa na mwenye akili njema, hatutataja jina lake wala la chuo chake, wiki ya kwanza alichagua somo moja la hiari akalisajili. Wiki ya tatu marafiki wakamwambia lile jingine ni bora zaidi. Akahamia. Alihudhuria mihadhara yote, akafanya majaribio, akawa miongoni mwa wanaojibu maswali darasani. Kitu kimoja hakukifanya: kuingia kwenye mfumo, kuliondoa somo la kwanza na kuliweka la pili. Matokeo yalipotoka, somo alilolisoma halikuwa na jina lake kabisa, na somo asilolisoma lilionyesha kwamba hakutokea kwenye mtihani. Akaandika barua, akaonana na mkuu wa idara, lakini muda wa kubadili masomo ulikuwa umepita kwa miezi mitatu. Alilisoma tena mwaka uliofuata. Baba yake alikuwa akimlipia kwa fedha ya kibanda cha matunda.

Wapo pia wanaochagua masomo yote vizuri wakafunga kompyuta bila kubonyeza pa kuthibitisha. Wapo wanaosajili muhula wa kwanza wakadhani wamesajili mwaka mzima, ilhali kila muhula una usajili wake. Dawa ya yote haya ni moja, nayo ni karatasi. Ukimaliza kusajili, chapisha ukurasa unaoonyesha orodha ya masomo yako, au uupige picha wenye tarehe, uutunze. Ukibadilisha chochote, chapisha tena. Wiki ya nne rudi uangalie kama majina ya masomo kwenye mfumo ni yale yale unayoingia darasani. Wanafunzi wetu mnajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Basi usione haya kuonekana mwenye makaratasi mengi.

Na kama umechelewa au umekosea, usinyamaze. Hapa ndipo aibu inapowaua vijana. Nenda kwa mshauri wako wa masomo au ofisi ya mkuu wa kitivo siku hiyo hiyo, na ombi lako liwe la maandishi. Wiki ya tatu kosa linafutika kwa dakika tano. Wiki ya kumi linahitaji kikao. Baada ya mtihani, ni vigumu mno. Mlimani alama za kazi za muhula ni asilimia 40 na mtihani wa mwisho 60, na za somo ambalo hukulisajili hazina mahali pa kuingizwa. Matokeo mabaya yakizidi, mwanafunzi huondolewa chuo, jambo ambalo wao wenyewe wanaliita "kudisko". Mzazi ukimsikia mwanao akisema kwa simu kwamba fulani amedisko, fahamu kwamba hakwenda kwenye muziki.

Kuhusu ratiba, angalia siku ya Ijumaa kabla ya kuthibitisha. Mhadhara wa lazima huwezi kuuhamisha, lakini semina huwa na makundi kadhaa, na aliyewahi ndiye anayechagua. Ukijiandikisha mapema utapata kundi lisilogongana na swala ya Ijumaa. Ukija mwisho utapewa lililobaki, kisha utaanza kugombana na mwalimu kwa jambo ulilokuwa na uwezo wa kuliepuka. Jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu vyuoni husaidia sana wageni katika hili, watafuteni wiki ya kwanza.

Mkopo nao unafungamana na usajili. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikishampangia mwanafunzi, fedha ya kujikimu haimfikii mpaka chuo kimtambue kuwa amesajiliwa na yeye mwenyewe athibitishe kuipokea. Anayechelewa kusajili ndiye anayelala njaa mwezi wa kwanza. Wazazi wengi hutuuliza habari ya riba. Tunachoweza kusema ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowatia wengi wasiwasi, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021. Hukumu ya yaliyobaki waulizwe masheikh kwa kuwaonyesha mkataba wenyewe. Usome mkataba kwanza, ndipo uulize.

Msidhani pia kwamba mambo haya ni ya Mlimani tu. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichofungua milango mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, nacho kina tarehe zake za mwisho, na jina la Kiislamu halitakufungulia mfumo uliofungwa. Chuo Kikuu Huria, chenye makao makuu hapa Kinondoni, ndicho kinachotaka umakini zaidi, kwa sababu mwanafunzi anajipangia mwenyewe asome masomo mangapi kwa mwaka. Ni chuo kizuri kwa akina mama na akina baba wanaotaka kurudi kusoma, lakini asiyejisimamia anaweza kukaa humo miaka bila kumaliza.

Neno kwa mnaoishi nyumbani. Wengi wenu mtatoka hapa Tabata alfajiri, mpite Barabara ya Mandela hadi Ubungo na foleni zake, mrudi Magharibi. Aliyeko hosteli husikia tangazo chumbani, nyinyi mtalikosa. Jiungeni na kundi la simu la darasa siku ya kwanza, na mara moja kwa wiki mpite ubao wa matangazo wa idara. Mzazi naye, badala ya kuuliza tu "masomo yanaendeleaje?", mwambie akuonyeshe ile karatasi ya masomo aliyosajili. Huhitaji kujua Kiingereza. Hesabu masomo, mwambie akusomee majina yake, kisha muulize lipi lina mhadhara kesho. Akisita, mrudishe kwenye mfumo usiku huo huo.

Wenye barua za udahili za mwaka huu, na wale wa kidato cha pili na cha tatu wenye majina yanayopishana, waje madrasa Jumamosi baada ya swala ya Alasiri na vyeti vyao halisi pamoja na nakala. Tumewaomba wahitimu wetu wawili walioko vyuoni waje na kompyuta. Kila mmoja aje na simu yake mwenyewe, si ya mjomba.

Wabillahi tawfiq.